Mkojo Una Rangi Gani? Historia ya Figo katika Mpaka wa Busia na Tororo

Nyanya yangu ana swali moja ambalo humuuliza kila mtoto wa boma letu anapopandwa na homa. Haanzi kwa kuuliza kama kichwa kinauma au tumbo linasokota. Humshika mtoto shingoni kwa kiganja, kisha humuuliza: "Mkojo wako una rangi gani?" Nilipokuwa darasa la nne swali hilo liliniaibisha sana, hasa aliponiuliza mbele ya wageni waliotoka Tororo, ambako ndiko alikozaliwa. Nilimjibu kwa kunong'ona. Mtoto akisema mkojo ni wa manjano, Nyanya hutulia, akamtafutia maji na kumpeleka zahanati kesho yake asubuhi. Mtoto akisema mkojo ni kama chai ya rangi, Nyanya hangoji kesho. Hutafuta leso ya kumbebea mgonjwa na safari ya hospitali huanza saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nilidhani hayo ni mambo ya wazee tu. Kisha, miaka miwili iliyopita, Babu alianza kuvimba miguu. Viatu vyake vya kanisani vikakataa kuingia. Alichoka mapema, chakula kikamchukiza, na usiku aliamka mara kwa mara. Daktari alipopima damu na mkojo wake alitueleza kwamba figo zake zilikuwa zimebakiza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Tulikaa kimya kwenye benchi, mimi na Nyanya, tukimtazama Babu akifunga vifungo vya shati. Niliporudi chuoni swali moja likaniandama: mwanamke aliyewauliza watoto wote habari ya mkojo wao, mbona hakumuuliza mume wake hata siku moja?

Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba katika mpaka huu wa Busia na Tororo, figo za watu zimeumizwa mara nyingi na ugonjwa na dawa kwa pamoja. Dawa iliyookoa uhai ndiyo hiyo hiyo iliyoweza kuchoma figo, na tofauti ya mara hizi na zile ilikuwa kama kulikuwa na mtu wa kuangalia mkojo wa mgonjwa au la.

Kabla ya kufika huko, nieleze kwa ufupi kazi ya figo. Mtu ana figo mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, pande mbili za uti wa mgongo. Kazi yao kubwa ni kuchuja damu. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, zikarudisha mwilini karibu yote na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo zilizobeba taka. Figo pia husaidia kuongoza shinikizo la damu na kuuchochea mwili utengeneze chembe nyekundu za damu. Tatizo lao ni ukimya. Jino likioza litakulaza macho, lakini figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake bila mwenyewe kusikia lolote. Kwa sababu hiyo historia ya figo ni ngumu kuandika, kwani mara nyingi ushahidi pekee ulikuwa ndani ya mkojo, na mkojo humwagwa.

Aliyewafundisha madaktari wa Ulaya kuusoma ushahidi huo kwa makini ni Richard Bright wa hospitali ya Guy's mjini London. Mwaka 1827 alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba miili. Alichukua mkojo wao katika kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa, na mkojo ukaganda kama ute wa yai. Mgando ule ulikuwa protini, ambayo figo nzima haziiachi ipite kwa wingi. Wagonjwa hao walipokufa na miili yao kupasuliwa, figo zao zilionekana zimeharibika. Kijiko na mshumaa vikawa vipimo vya figo.

Sasa nije nyumbani. Eneo ambalo leo ni Busia ya Kenya lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipouhamishia mkoa huo kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukawapitia Wateso na Wasamia katikati, ndugu wakabaki huku na huku. Reli iliyopita Eldoret, Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na Tororo ikawa njia panda ya treni za kwenda kaskazini. Watu, bidhaa na maradhi vilipita njia zile zile. Mbu naye hakuhitaji cheti cha kusafiria. Utafiti uliofanywa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa zaidi ya mara 500 kwa mwaka na mbu waliobeba vimelea vya malaria. Hicho ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa Afrika.

Malaria ndiyo inayotuleta kwenye swali la Nyanya. Kuna hali ambayo chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi na kwa ghafla ndani ya mishipa. Rangi yake, yaani himoglobini, humwagika katika damu, hupita kwenye figo na kuugeuza mkojo kuwa mwekundu uliokolea, kahawia au mweusi. Figo zikilemewa huacha kutoa mkojo kabisa. Waingereza waliiita homa ya maji meusi, na katika enzi za ukoloni iliogopwa sana na wamisionari, maofisa na wajenzi wa reli, kwa sababu ilimchukua mtu aliyedhani anajitibu malaria vizuri.

Chanzo chake kilizua mabishano makubwa. Robert Koch, mwanasayansi wa Ujerumani, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1898, na kutokana na wagonjwa aliowaona alidai kwamba homa hiyo ni sumu ya kwinini. Wengine, wakiwamo Waingereza Stephens na Christophers waliofanya utafiti wao Blantyre, katika nchi ambayo leo ni Malawi, waliona kwamba malaria yenyewe ndiyo inayoandaa mwili na kwinini huja kuwasha moto. Kadiri miaka ilivyopita ilidhihirika kwamba waliopatwa zaidi ni watu walioishi na malaria huku wakitumia kwinini ovyo: leo vidonge viwili, wiki ijayo hakuna, kisha vingi kwa mkupuo homa ikirudi. Mwaka 1956 wanasayansi waligundua upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao hurithiwa na ambao hufanya chembe nyekundu zipasuke kwa urahisi zikikutana na dawa fulani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia klorokwini ilichukua nafasi ya kwinini, na homa ya mkojo mweusi ikawa nadra. Vitabu vikaanza kuitaja kama ugonjwa wa zamani.

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapaswa kusimama na kuuliza: ugonjwa wa zamani kwa nani? Kumbukumbu nyingi za kikoloni kuhusu homa hiyo zinahusu Wazungu, na kwa kiasi fulani Wahindi. Mtoto wa kijijini aliyekojoa mweusi na kuzikwa nyuma ya nyumba hakuandikiwa faili. Nilipomuuliza Nyanya alikotoa swali lake, alikaa kitambo akichambua mboga, kisha akaniambia: "Mjukuu wangu, dada yangu alikuwa na mtoto. Alikojoa kama chai ya rangi asubuhi. Siku ya pili hakukojoa kabisa. Siku ya tatu tulimzika." Hayo yalitokea upande wa Tororo katika miaka ya 1980. Hakuna karatasi inayoyathibitisha. Lakini mpangilio wa siku zile tatu, mkojo mweusi kwanza na kisha ukavu, unalingana na maelezo ya madaktari kuhusu figo zinavyoshindwa, na Nyanya hajasoma kitabu chochote cha udaktari.

Tena ugonjwa wenyewe haukuwa umekwenda mbali. Klorokwini iliposhindwa na vimelea, kwinini ilirudi kuwa tegemeo la kutibu malaria kali. Katika miaka ya 2010 watafiti waliofanya kazi Mbale na Soroti, kaskazini mwa Tororo, waliripoti mkojo mweusi kwa watoto wengi waliolazwa na malaria kali, wengi kuliko ilivyozoeleka mahali pengine, na sababu zake bado zinachunguzwa. Wakati huo matibabu nayo yalikuwa yanabadilika. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba waliodungwa artesuneti walikufa kwa asilimia 8.5 na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Tangu hapo artesuneti ikawa ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali. Hata hivyo dawa bora haijaliondoa swali la Nyanya, kwa kuwa mtoto mwenye mkojo mweusi bado anahitaji kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, ambako damu na figo zake zitaangaliwa.

Kisa cha pili cha mpaka huu kinahusu malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Busoga hadi pwani za ziwa za Samia. Ulirudi tena katika miaka ya 1940, na mwishoni mwa muongo huo shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki, EATRO, likawekwa Tororo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Uganda ikabaki na kituo cha Tororo na Kenya ikaunda taasisi yake, KETRI. Katika miaka ya 1980 mlipuko mwingine ulitoka Busoga ukaingia wilaya ya Tororo, ambayo wakati huo ilijumuisha Busia ya Uganda. Upande wa Kenya wagonjwa walipelekwa Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia kwenye barabara ya Malaba, ambako KETRI ilikuwa na hospitali ya malale.

Dawa ya hatua ya kwanza ya aina ya malale iliyokuwa eneo letu ilikuwa suramini, iliyobuniwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani na kuanza kutumika katika miaka ya 1920. Hudungwa kwenye mshipa, sindano kadhaa kwa muda wa wiki kadhaa. Iliponya watu wengi, ila ina kasoro moja inayohusu insha hii: inaweza kuumiza figo. Kwa hiyo utaratibu ukawa kupima mkojo kabla ya kila sindano. Kwa njia ya zamani mkojo ulichemshwa katika mrija wa kioo, na ukifanya ukungu mweupe unaokataa kutoweka, basi kuna protini, kama katika kijiko cha Bright. Protini ikiwa nyingi sindano iliahirishwa au kuachwa.

Mzee mmoja jirani yetu alitibiwa malale akiwa kijana. Nilipomhoji hakukumbuka jina la dawa wala la daktari. Alichokumbuka ni chupa. "Kila sindano ilianzia kwenye chupa," aliniambia akicheka. "Usipojaza chupa, hudungwi." Leo ana zaidi ya miaka 70 na bado analima. Kenya iliandikisha mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa miongoni mwa wakazi mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tatizo tena la afya ya umma nchini. Ushindi huo una mashujaa wengi, lakini mimi sitaisahau ile chupa.

Tukiviweka visa hivi viwili pamoja tunaona jambo. Kwinini na suramini zote zilikuwa dawa kali zenye faida kubwa. Kwinini ilinunuliwa na kumezwa nyumbani kwa kukisia, na figo zilipoanza kushindwa mtu aligundua amechelewa. Suramini ilitolewa na mtu aliyekwisha kuangalia mkojo, na hatari ikaonekana mapema. Dawa ilihitaji shahidi.

Hapo ndipo ninapomrudia Babu. Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Walipaza sauti wakiwaita abiria wa "boda, boda", na inasimuliwa kwamba jina la boda boda linalotumika leo Afrika Mashariki nzima lilizaliwa hapo Busia. Sisi hujivunia jambo hilo. Lakini nyuma ya jina hilo kuna mgongo wa mtu. Babu aliendesha baiskeli juani kwa zaidi ya miaka 20, akibeba watu, magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi, akinywa maji kidogo ili asipoteze zamu yake kwa kwenda chooni. Jioni mgongo na magoti vilimuuma, naye akameza dawa ya kutuliza maumivu. Alipoacha baiskeli maumivu hayakumwacha, na vidonge pia hakuviacha.

Vidonge hivyo mara nyingi nilivinunua mimi. Nilitumwa dukani tangu nikiwa shule ya msingi, wakati mwingine upande wa Kenya, wakati mwingine ng'ambo ikiwa bei ni nafuu. Nilisema tu "dawa ya mgongo ya Babu", nikapewa diklofenaki au ibuprofeni zilizofungwa katika kipande cha karatasi. Hakuna aliyeniuliza zinamezwa na nani, kwa muda gani, wala kama ana shinikizo la damu. Nami sikujua la kuuliza. Figo hutegemea kemikali fulani za mwili zinazoacha mishipa yao midogo ya damu wazi, hasa mwili unapopungukiwa na maji. Dawa za aina hii huzizuia kemikali hizo. Mtu mzima mwenye afya akimeza kidogo kwa siku chache kwa kawaida hapati madhara, lakini mtu aliyekaukiwa na maji, mwenye shinikizo la damu, anayemeza kila siku mwaka baada ya mwaka, anazinyima figo zake damu. Daktari alisema shinikizo la damu ambalo Babu hakuwahi kulipima lilifanya sehemu yake, na vidonge sehemu yao. Siwezi kugawa lawama kwa asilimia. Najua tu kwamba mkono uliovileta nyumbani ulikuwa wangu.

Na mbona Nyanya hakuuliza? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa adabu niwezayo. Alinitazama kana kwamba nimesema neno lisilofaa. "Mtu mzima anaulizwa mkojo wake?" alisema. "Yule ni mwenye nyumba." Mkojo wa mtoto ni habari ya ukoo mzima, bali mkojo wa baba mwenye boma ni siri yake na heshima yake. Babu alikuwa ameona povu katika mkojo wake kwa muda mrefu, povu lisiloisha haraka, ambalo mara nyingi ni dalili ya ile protini ya Bright. Hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nadhani Babu hakuficha kwa ukaidi. Aliishi katika utaratibu ambamo swali hilo lilikoma mtu anapovuka utoto.

Babu bado hajafikia kusafishwa damu kwa mashine, na kila baada ya miezi mitatu tunaomba asifike. Tiba hiyo humtaka mgonjwa aende hospitali mara mbili au tatu kwa wiki na kuunganishwa na mashine takriban saa nne kila mara. Kabla ya serikali ya Kenya kuanza mwaka 2015 mpango wa kupeleka mashine hizo katika hospitali za kaunti, mtu wa Busia alitegemea miji ya mbali kama Eldoret, Kisumu na Nairobi. Ndugu zetu wa Tororo kwa miaka mingi walitegemea Kampala, safari ya takriban kilomita 200. Ukilinganisha safari hizo na chupa ya mkojo na mshipi wa shinikizo la damu katika zahanati ya kijijini, utaona ni wapi figo huokolewa kwa bei ya maskini.

Kwa hiyo nikiulizwa historia hii inatufundisha nini kuhusu kutunza figo, jibu langu ni la kawaida sana. Shinikizo la damu na sukari vipimwe hata kama mtu hasikii kitu, kwa kuwa hivyo ndivyo viharibifu vikubwa vya figo siku hizi. Mkojo upimwe, hasa kwa wenye kisukari, wenye shinikizo na wenye ndugu waliougua figo. Dawa za maumivu zisiwe chakula cha kila siku, na mgonjwa amweleze mhudumu dawa zote anazotumia, za duka na za mitishamba. Anayefanya kazi juani anywe maji, lakini aliyekwisha kuambiwa figo zake zimeshindwa afuate kipimo cha daktari, kwani kwake maji mengi yanaweza kuwa mzigo. Na mtoto mwenye homa akikojoa mweusi, asingojeshwe hadi asubuhi.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Babu ameacha vidonge vya mgongo na hujikanda kwa maji ya moto jioni, akilalamika. Dawa ya shinikizo la damu humeza kila siku. Asubuhi moja alikuwa akitoka msalani, na Nyanya, aliyekuwa akiwasha moto, akamuuliza bila kuinua kichwa: "Mkojo una povu?" Babu alisimama. Alinitazama mimi, akawatazama wajukuu wadogo waliokuwa wakinawa uso, kisha akajibu kwa sauti ndogo, kama nilivyojibu mimi nikiwa darasa la nne.

"Kidogo, Mama watoto. Si kama jana."